Maji Mama

Kipaza cha ukutani kilianza kusema Mwantumu akiwa ameuzamisha mkono mpaka kiwiko ndani ya tangi, anafuta utando wa kijani kwenye kioo.

"Wapendwa watumiaji," kilisema, kwa ile sauti ya kike isiyowahi kupata mafua. "Tone mnalolitumia limefikia ukomo wake. Samaki wenu wataanza kufifia. Hii ni hali ya kawaida. Tunawaomba mngoje Tone jipya kwa utulivu."

"Utulivu huo mpelekee mamako," Mwantumu akakijibu, wala hakuutoa mkono majini.

Yeye Tone, ile dawa ya kuwalisha samaki wa zawadi, halikumhusu. Tangi lake halikupata kulionja. Akakausha mkono kwa kanga, akaenda kuvuta pazia zito la dirishani, na jua lote la Handeni, jua lile la kupasua midomo, likabaki nje. Chumba kikawa giza la mchana. Akakaa kitako kwenye jamvi, akangoja macho yazoee.

Kikawaka kimoja. Cha pili kikajibu kutoka nyuma ya jiwe. Mara tangi zima likawa linapepesa, vijicho vya mwanga wa kijani mpauko vikipanda, vikishuka, vikizimika hapa na kuzukia pale.

Watu wa Pangani waliwaita vimulimuli. Ni samaki weusi, urefu wao hauzidi kiganja, na chini ya kila jicho wana kifuko cha mwanga chenye kigubiko mfano wa ukope. Kwa mwanga huo hutafutana, hutafuta chakula, humbabaisha adui. Kimulimuli akizimika hali kitu. Hujikunyata pembeni mwa jiwe mpaka afe.

Kila alipowatazama hivi, Mwantumu hakuwa Handeni. Alikuwa kwao, mbata zinanukia juani, pantoni inapiga honi ikivuka kwenda Bweni, wanawake wanatupiana majina ya utani toka ukingo huu wa mto mpaka ule. Na alikuwa na sauti yake ya zamani, ile iliyosikika kingo zote mbili bila kipaza.

Maana palikuwa na zamani. Ilikuwapo bahari ambayo mtu aliiingia bila kumwomba mtu. Kisha ikakodishwa. Naam, bahari, usicheke. Na wao walicheka, walipoambiwa, wakadhani ni mzaha. Kampuni ya Nurubahari ikaja na maboya yake mekundu, ikazungusha mwamba wote wa matumbawe, ikasema ni kwa muda, ni kwa utafiti. Watu wa Kampuni walikuwa na adabu mno. Walivua viatu mlangoni, waliamkia wazee, walikula wali wa nazi kwa mkono na kuusifu. Kwa adabu hiyohiyo wakawapandisha watu magari na kuwapeleka bara, kwenye Majengo ya Juu, maghorofa ya kijivu katikati ya vichaka vikavu, ambako mtoto huzaliwa, hukua, na akisikia neno bahari huonyesha kwa kidole tangi la ukutani.

Siku ya kuhama kila nyumba ilipewa zawadi: samaki mmoja wa Kampuni wa kutia pamoja na wale wa mwambani, kimulimuli aliyeng'aa buluu kali kama moto wa gesi. Watu wakapokea. Mwantumu, aliyekuwa amekaukwa na sauti kwa kupiga kelele sokoni, mbele ya ofisi na mbele ya magari yenyewe, alimwona shoga yake wa chanda na pete, Chausiku, akimpokea samaki wake kwa mikono miwili. Kisha akampigia makofi mtu wa Kampuni.

Yale makofi hakuyasahau. Mwantumu hakuwa mtu wa kusahau. Kutoka siku ile hakumpa Chausiku jagi, wala hakupokea jagi lake. Na kwa kuwa kila mtu alichukua samaki wa zawadi isipokuwa yeye, hakumpa mtu yeyote, wala hakupokea la yeyote.

Na kunyimana jagi, kwa watu wale, ni kuzikana mkiwa hai.

* * *

Mambo ya jagi yalikuwa hivi.

Maji mapya ya chumvi, hata uyapime vipi, hayana uhai. Anayeanza tangi, au ambaye samaki wake wamelegea, huenda kwa jirani na jagi, naye jirani humchotea maji ya tangi lake yaliyokwisha komaa. Hayo ndiyo maji mama. Jagi likirudi, haliji tupu. Huja limejaa maji ya yule aliyeomba, naye huyamimina mwenyewe ndani ya tangi la aliyempa, bila kuuliza neno. Kuomba ruhusa ya kumimina ni kumwambia mwenyeji kwamba unamdhania uchoyo. Kule Pangani ilikuwa sahani ya futari ndiyo inayokwenda na kurudi hivyo. Huku bara, kwenye ukame, maji yakashika nafasi ya sahani.

Sasa, mwanga wa kimulimuli si wake. Ni wa vijidudu vinavyoishi kwenye kile kifuko, maelfu kwa maelfu, vinalishwa na samaki na kumlipa kwa nuru. Vingine hudondokea majini, na samaki aliyepungukiwa huviokota humo. Vijidudu vya Kampuni viling'aa kuliko vya mwamba, lakini vilikuwa vimetengenezwa na kilema: chakula kimoja havikuweza kujipikia, vikakipata kwenye Tone tu. Likikosekana Tone, huzimika. Havifi. Hulala gizani, na hata vikiwa vimelala hutoa sumu inayoviua vile vya asili, visishike nafasi yake.

Samaki mmoja wa zawadi kila nyumba. Jagi kutoka mlango hadi mlango. Kampuni haikuhitaji kumtuma mtu. Ilitumia ukarimu wao. Kabla watoto waliohama mgongoni hawajaanza kusoma, mwanga wa mwamba ulikuwa umekwisha kwenye majengo yote, umebaki buluu tupu, buluu ya Tone. Isipokuwa ghorofa ya tatu, kwa yule mwanamke mgomvi asiyepeana maji na watu.

Mwantumu aliyajua haya kwa kuchokonoa. Hakusomeshwa na mtu. Alikuwa muuza mikate ya kumimina, na hasira ndiyo iliyomfundisha kusoma vitabu vinene. Alipogundua, alitoka barazani akapiga kelele wiki nzima. Watu wakasema, "Bi Mwantumu huyo, kaanza tena," wakafunga madirisha.

* * *

Hodi ilipigwa kabla pazia halijafunguliwa.

"Karibu," akasema, akidhani ni muuza mkaa.

Aliyeingia alikuwa Chausiku. Kanenepa, kavaa baibui lililofifia mabegani, na mkononi ana jagi la plastiki. Alisimama palepale mlangoni. Macho yake hayakuwa kwa mwenyeji. Yalikuwa kwenye tangi.

"Mwenyezi Mungu," akasema polepole. "Bado wako hivi? Rangi ileile?"

"Umepotea njia, Chausiku? Kwako ghorofa ya chini."

"Sikupotea."

"Basi funga mlango, unawatilia jua."

Chausiku akafunga mlango. Kwa kitambo wote wawili walitazama samaki, mmoja kaketi, mmoja kasimama, kama watu waliokutana msibani.

"Wangu wamezimika," Chausiku akasema. "Tangu juzi. Hawali. Na Akida naye hali."

Akida alikuwa mumewe. Ndiye aliyekuwa mzamiaji wa majongoo bahari, kifua kama pipa, na ndiye aliyewatoa vimulimuli wa kwanza kwenye mapango ya mwamba na kuwaleta mjini ndani ya ndoo, siku maboya mekundu yalipoanza kutupwa. Samaki wote wa majengo yale, ukitoa wale wa zawadi, ni wajukuu wa ndoo ile. Sasa mapafu yamemlaza, kitanda chake kimesogezwa mbele ya tangi.

"Anauliza kila saa, mbona mmezima taa? Namwambia ni macho yako, baba. Namdanganya, Mwantu. Mume wangu namdanganya."

"Mwambie akapige makofi. Labda Kampuni itasikia."

Neno lilitoka lenyewe, la moto, lilikuwa limekaa tayari miaka yote ile. Chausiku hakujitetea. Alilibadili jagi mkono.

"Nilipiga, ndiyo," akasema. "Nilikuwa na watoto watatu na gari linanguruma. Yule kijana alinipa samaki, nikapiga makofi. Ulitaka nimtemee mate?"

"Nilitaka usimame na mimi."

"Ungenilisha mimi na wanangu kwa kelele zako?"

Mwantumu akainuka.

Akaeleza, kwa sauti kavu, jinsi itakavyokuwa. Maji ya Chausiku yamwagwe yote. Tangi na mawe vioshwe kwa siki. Samaki waogeshwe maji baridi, yale yasiyo na chumvi, kwa muda wa kuhesabia pumzi tu, maana vijidudu vya chumvi havistahimili. Na samaki wengine hawatastahimili pia, watakufa mkononi. Watakaosalia watakuwa weusi tupu, lakini safi. Hapo ndipo maji mama yaingie.

"Nitafanya," Chausiku akasema.

"Na jagi lisirudi."

"Lisirudi?"

"Likae hukohuko. Sitaki maji ya mtu humu. Hata tone moja la maji yenu, tumekwisha sote. Huu ndio mwanga wa mwisho usio na mwenyewe, Chausiku. Chukua, nenda, usirudishe."

Chausiku akaliweka jagi chini. Hakuliweka kwa hasira. Aliliweka kama mtu anayetua mzigo ili aseme vizuri.

"Maisha yangu yote nimepewa na mtu mmoja tu asiyetaka kurudishiwa," akasema. "Wewe wamjua. Nilimpelekea tende yule kijana, siku za mwanzo, shukrani ya samaki. Akacheka, akasema Kampuni haipokei. Haipokei! Nikarudi na sahani yangu, nikajiona mdogo, hata sikujua kwa nini. Sasa na wewe wataka kunifanya hivyo? Kwa hiyo mimi ni ombaomba wa kwako?"

Kimulimuli mmoja akasogea kwenye kioo, akafungua, akafumba.

Mwantumu aliwahi kutukanwa na askari, na madiwani, na watu wenye shahada. Hakuna aliyewahi kumfananisha na Kampuni. Alitaka kufoka. Na pembeni ya hasira alikuwa anapiga hesabu: tangi la Chausiku likishaoshwa, maji yake yatakuwa safi. Yakirudi, yatarudi safi. Hatari iko wapi hasa? Akajiambia haipo, kwa kuwa alitaka isiwepo.

"Lete jagi," akasema.

* * *

Waliosha tangi asubuhi mpaka adhuhuri, kanga zimefungwa viunoni, siki inawatoa machozi. Akida aliwatazama kutoka kitandani, kichwa juu ya mito mitatu.

"Nilidhani umekufa, Mwantumu," akasema, sauti yake kama mlango mbovu. "Nikasema, mbona wamemzika bila kutupa habari?"

"Nikifa utajua, shemeji. Patakuwa kimya."

Akacheka mpaka akakohoa. Samaki walipotiwa kwenye beseni la maji baridi hakucheka. Walirukaruka. Wawili wakapinduka matumbo juu, na Chausiku akawaokota, akawafunga kwenye kitambaa.

"Chini kule," Akida akawa anaeleza, macho kayafumba, "ukizima kurunzi, kwanza huoni kitu. Unasikia moyo wako tu. Halafu wanaanza. Pango zima, juu mpaka chini. Hujui kama unazama au unaruka. Nilikuwa nakaa humo mpaka kifua kinataka kupasuka, najiambia, kidogo tu, kidogo tu."

Maji mama yakamiminwa. Wakavuta mapazia. Siku ile hapakuwaka kitu, wala ya pili. Ya tatu, Mwantumu akiwa ameketi pale na kikombe cha chai ya tangawizi kilichopoa, Akida akainua kidole.

Chini kabisa, ubavuni mwa jiwe, palikuwa na doa la kijani mpauko, dhaifu kama kosa la macho. Likafumba. Likafungua.

"Huyo," Akida akasema. "Huyo ni wa kwetu."

Chausiku alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kanga. Mwantumu hakuangalia upande wake, kwa heshima.

* * *

Alasiri moja Mwantumu alikuwa kwenye mswala, rakaa ya mwisho, aliposikia mlango na kandambili anazozijua. Kisha, nyuma yake, sauti ya maji yakimiminwa ndani ya maji.

Alimaliza. Sijui alimaliza vipi. Alitoa salamu kulia na kushoto, akageuka akiwa bado kaketi.

Chausiku alisimama kando ya tangi na jagi tupu, uso umemkunjuka, kama bibi harusi wa makamo.

"Umerudisha," Mwantumu akasema.

"Nimerudisha. Na usidhani nimekurudishia maji yako mwenyewe! Mimi sina adabu mbovu hiyo. Kumrudishia mtu chake ni kumtukana." Akainama, akashusha sauti kama anayetoa siri ya zawadi. "Ni maji ya Akida. Yale ya zamani. Siku ile kabla hatujamwaga, nilijaza dumu moja nikaliweka uvunguni. Maji ya ndoo ya kwanza yamo humo, Mwantu. Bahari yetu yenyewe. Nikasema, haya siyamwagi, haya ni ya mtu mmoja tu."

Mwantumu akatazama tangi. Samaki walikuwa wanapepesa kama kawaida. Hakuna kilichobadilika, na hakitabadilika leo, wala kesho. Vile vijidudu vya Kampuni vilivyolala gizani vina subira. Vitafanya kazi yake kimyakimya, na siku moja atavuta pazia na kukaa, na hakutawaka kitu.

Maneno aliyakuta mdomoni tayari. Alikuwa bingwa wa maneno ya aina hiyo. Aliweza kumkunja mtu kwa sentensi moja akabaki kama kitambaa cha kufutia meza. Na alimwona Chausiku anavyosubiri, jagi kalikumbatia kifuani, anangoja kuambiwa ahsante.

Akisema asemavyo, atamvunja. Akinyamaza, Chausiku atatoka hapa na dumu lake. Kuna watu wameanza kusikia habari za ghorofa ya chini, watamjia na majagi. Atawapa maji safi, nao, kwa adabu ileile, watamrudishia yale waliyoyaficha kwa mapenzi uvunguni. Kila nyumba ina dumu lake, Mwantumu alijua sasa, hakuhitaji kwenda kutazama. Watu waliofukuzwa kwao hawamwagi maji.

"Njoo ukae," akasema, akipapasa jamvi.

Chausiku akakaa.

"Hujawahi kunipa kitu kama hiki. Hakuna aliyewahi."

"Nilijua utafurahi."

"Sasa nisaidie kukitoa."

Akamweleza. Alieleza kama anayemlaza mtoto, mkono wake juu ya goti la mwenzake, na kila alipoona uso wa Chausiku unaanguka alikatiza, akangoja, akaendelea. Hakutaja makofi. Hakusema nilikwambia, maana ukweli ni kwamba, baada ya kukubali jagi lirudi, hakumwambia ni maji yapi yasirudi; alikuwa na nafasi, akaona aibu, akapiga hesabu ya kujifurahisha.

Machozi yalimshuka Chausiku, hakuyafuta.

"Kwa hiyo nimekuua," akasema.

"Mimi mzima. Ni tangi."

"Ni wewe."

"Basi niuguze."

Chausiku akapenga kamasi kwenye kanga. Akainuka kwa kushika goti, akaanza kupandisha mikono ya baibui.

"Siki unaweka wapi?"

Walifanya kazi ile ndani ya mwanga wa mchana, pazia wazi, maana hakukuwa na haja tena ya kulinda giza. Maji ya miaka yote, maji ambayo Mwantumu aliyabeba bara mapajani mwake ndani ya gari la Kampuni, yalikwenda kwenye tundu la choo, na yalichukua muda kuisha. Katika beseni walikufa watano. Waliosalia wakarudishwa kwenye maji mapya, weusi, wameduwaa, wanagongana, hawaonani.

Mwantumu akaketi ukingoni mwa kitanda. Nyumba ilinuka siki. Kwa mara ya kwanza tangu Pangani hakuwa na kitu ambacho wengine hawana.

"Haya," Chausiku akasema, ameshika kiuno, "unangoja nini?"

"Nangoja nini?"

"Mwanga uko kwangu. Kaombe."

"Si wewe upo hapa? Nenda ukaniletee."

"Akaa! Maji mama hupelekwa? Tangu lini? Anayeyataka huja na chombo chake, hupiga hodi." Na uso wake uliovimba ukafanya kitu ambacho Mwantumu alikuwa hajakiona tangu walipokuwa wasichana wa madrasa: ukamcheka. "Miaka yote hii nimekusikia ukidai, ukishitaki, ukilaani. Kuomba sijakusikia. Nataka nikusikie."

Akatoka, kandambili zake zikishuka ngazi.

Mwantumu alikaa kidogo. Kisha akatafuta jagi, akalisuuza, akajitanda kanga, akashuka. Ukumbini milango mingi ilikuwa wazi kwa joto, na ndani ya kila mlango kulikuwa na tangi jeusi na mtu kaketi mbele yake. Walimtazama akipita na jagi. Hakuna aliyesema kaanza tena.

Mlango wa Chausiku ulikuwa umefungwa. Ulifungwa makusudi, alisikia mtu anapumua upande wa pili.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi wenyewe."

"Nani?" ikauliza sauti ya Chausiku, rasmi kama ya karani.

"Mwantumu binti Sefu."

"Una shida gani, Mwantumu binti Sefu?"

Kutoka kitandani Akida alikuwa anakohoa, au anacheka. Nyuma ya Mwantumu, ukumbini, watu walikuwa wametoka milangoni, wengine na majagi yao, wanasikiliza. Sauti ile iliyokuwa ikivuka mto ilitoka ndogo, ikabidi aisafishe na kuanza upya ili wote wasikie.

"Nimekuja kuomba maji, Chausiku. Naomba maji. Na nitarudisha, nikishajua pamoja nawe cha kurudisha."

Komeo likavutwa.

"Ingia upesi," Chausiku akasema, "unawatilia jua."